Kijana Aliyekwenda Kuchota Maji

Nianze na maji, maana watu wa Yeoville, Johannesburg, wa miaka ile wakimkumbuka Mwalimu, kitu cha kwanza wanachotaja ni vituko vyake vya maji. Jengo letu lilikatiwa maji kila mara. Yakikatika, wanawake tunashuka na ndoo mpaka kwenye bomba la kanisa, ng'ambo ya robot, zile taa za barabarani. Ukifungua mlango tu, Mwalimu huyo hapo kwenye ngazi, tai shingoni: "Mama Zuhura, ngoja, tuende wote." Kubeba habebi, mgongo wake ulikuwa mbovu. Anakusindikiza, anasimama pembeni mpaka ujaze, kisha anarudi na wewe. Ukimwambia, "Mwalimu, bomba naliona dirishani," anakujibu, "Najua." Na bado anakuja.

Waume wa jengo wakaanza kumtazama jicho baya. Fundi cherehani wa ghorofa ya chini, Mkongo mmoja asiyeficha neno, alimwuliza mbele za watu, "We Mwalimu, bibi za wenzako uko unawafuata ya nini?" Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba hata yeye fundi siku akienda bombani atasindikizwa. Na kweli. Siku mke wa fundi alipougua, fundi akashuka na ndoo yake ya bluu, na Mwalimu nyuma yake, taratibu, mikono mgongoni. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Baada ya siku hiyo hakuna aliyemwuliza tena.

Akija nyumbani kwako pia alikuwa hivyo hivyo. Ukisema, "Kaa nikuletee maji ya kunywa," anainuka anakufuata mpaka jikoni. Mie ni mtu wa Tanga; kwetu mgeni mwanamume hamfuati mwenye nyumba jikoni. Mara ya kwanza nilimgeukia nikamwambia, "Baba, hebu rudi sebuleni, hapa kuna nini unachokitaka?" Akarudi hatua moja, akasimama kwenye kizingiti, akanitazama nikifungua jokofu. Nilimwona ana hofu, na nikakasirika zaidi kwa kutojua anaogopa nini.

Habari za kuzaliwa kwake sizijui vizuri na sizitafuti. Alikuwa Mrundi, mtu mzima, mrefu, mweusi wa kupendeza, aliyefundisha sekondari kwao kabla ya vita kumtoa. Johannesburg alilinda magari mbele ya maduka ya Kensington, kizibao cha kung'aa juu ya shati na tai. Hakujisifia ualimu wala hakuionea haya kazi ile. Kilichomuudhi ni mtu kusema kazi yake ni kusimama tu. "Kusimama?" anasema. "Njoo usimame wewe." Alikuwa mpole kwa watoto na mkali kwa watu wazima. Alikuwa mkweli mpaka kero. Ukimwuliza kama nguo imekukaa, anakwambia haikukukaa. Mtu huyo huyo, kila Jumapili, alikuwa anasema uongo mkubwa kuliko wowote niliowahi kuusikia, na aliusemea dukani kwangu.

Nilikuwa na duka la simu, katikati ya saluni mbili. Vibanda vya mbao, kila kimoja na simu yake na kidirisha cha kioo. Miaka ile watu wengi walipiga nyumbani kutoka kwenye maduka kama yale. Kazi hiyo inakufanya ujue mambo ya watu bila kuyatafuta, maana mbao ni nyembamba, na mtu anayepiga mbali hupaza sauti akidhani ndiyo itafika. Nilijua nani kafiwa na nani kaolewa kabla ya ndugu zao. Nilijifunza kuwa na uso usiosikia.

Mwalimu alimpigia mama yake kila Jumapili baada ya kanisa, kibanda cha mwisho. Mama alikuwa Rumonge, Burundi, na nyumbani kwao walizungumza Kiswahili, kwa hiyo nilifahamu kila neno. Jumapili ya kwanza nikasikia wanaume wawili. Mmoja Mwalimu, na sauti yake nzito ya kupima. Mwingine kijana, mwepesi, mwenye kucheka kabla hajamaliza sentensi: "Mama, unakula lakini? Ama unalinyima tumbo?" Nikainuka kwenda kuwaambia kibanda ni cha mtu mmoja. Nikachungulia kidirishani. Mwalimu alikuwa peke yake, amefumba macho, bega kaliegemeza ukutani kwa namna ya vijana, na kicheko kile kilikuwa kinatoka kinywani mwake.

Nikarudi kwenye kaunta nikasoma aya za kujikinga nilizozikumbuka. Alipotoka nikamwuliza, "Mwalimu, huyo mwingine ni nani?"

"Mdogo wangu."

"Yuko wapi?"

Akatengeneza tai. "Hayuko," akasema, akaenda zake.

Mie nikamhesabu tapeli. Nikasema moyoni, huyu anamchezea mama yake mzazi, na kila Jumapili yuko kanisani. Lakini sikumwambia mtu. Mambo ya kibandani yalibaki kibandani, ndiyo ilikuwa sheria yangu.

Kisha zikaja zile vurugu za 2008, wageni wakafukuzwa na kupigwa mitaani. Sisi wa Yeoville wengine tulikimbilia ukumbi wa kanisa huko Observatory, Waislamu kwa Wakristo, magodoro sakafuni. Watoto hawakulala na hawakunyamaza. Mchana mmoja Mwalimu akapanda jukwaani, akapiga makofi, akasema, "Mabaharia wote mbele." Watoto wakamtazama. Hapo ndipo alipoanza kuwasimulia Yasoni.

Labda mnamjua. Mie sikumjua. Ni shujaa wa zamani wa Wayunani. Baba yake alinyang'anywa ufalme na ndugu, na yeye alipokua akaja kuudai. Yule mfalme mwizi akamwambia sawa, nitakupa, ila kwanza uniletee ngozi ya kondoo dume, ya dhahabu, iko mbali, inalindwa na joka lisilolala. Alimtuma ili afe. Yasoni akatengeneza merikebu, akakusanya mashujaa, akaondoka nao. Mwalimu alisimulia kwa mikono, kwa miguu, kwa macho. Miamba inayogongana aliigiza kwa mabenchi mawili. Watoto walioshinda wakitetemeka wakawa wanapiga makasia hewani. Kila akimaliza kisa kimoja anasema, "Tuendelee, mabaharia," na wanapiga tena.

Jioni ile nilimpelekea chai nikamwambia Mungu amlipe. Binti yangu Zuhura alikuwa amecheka mara ya kwanza tangu tufike pale. Mwalimu akashika kikombe, na labda kwa kuwa sote tulikuwa hatujui kesho yetu, akanieleza bila kuulizwa.

Walitoka wawili, yeye na mdogo wake. Mama aliwakabidhi mmoja kwa mwingine, lakini kwa kweli, mdogo alikabidhiwa kwa mkubwa. Walivuka nchi hii na hii mpaka wakafika kwenye mto, upande wa pili ni Afrika Kusini. Kundi likajificha vichakani likingojea ruhusa ya yule aliyewaongoza. Mdogo akasema ana kiu, watu wote wana kiu, akachukua dumu akaenda kuchota maji. "Aliniambia, kaka, nakuja," Mwalimu akasema. Hakurudi. Mwalimu akamwita, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti. Kiongozi akamziba mdomo. Kulikuwa na wanawake katika kundi, na watoto mgongoni. Wakati wa kuvuka ukafika, wakasema twende. "Donc, basi," akasema Mwalimu, "nikaenda."

Nikamwuliza, ni mamba? Ni maji? Ni watu?

"Sikuona. Hakuna nilichoona. Hata dumu sikuliona."

Basi alipofika Johannesburg akampigia mama, na mama, kabla ya salamu, akasema nipe mdogo wako. Akasema anaoga. Mara ya pili akasema kalala. Mara ya tatu mama akaanza kulia, na ile sauti ikatoka. Hakuipanga. Kwao walizoea kuigizana, na yeye alimjua mdogo wake mpaka anavyovuta pumzi. Mama akacheka kwa furaha. Tangu hapo hakuweza kuirudisha ilikotoka.

Nilimwambia wazi, pale pale, chai inapoa, "Mwalimu, mwambie. Mama ana haki ya kumlilia mwanawe."

"Nikisema amekufa, Mama Zuhura, mimi ndiye nitakuwa nimemuua. Sasa hivi hajafa. Hajarudi tu."

"Na yeye je? Kama kafa, hana aliyemlilia. Hana matanga. Unamwacha hivyo hivyo?"

Hilo ndilo lilimla miaka yote niliyomjua: aseme, amzike mdogo wake kwa ulimi, au anyamaze, mdogo wake abaki bila hata chozi moja. Na mama alikuwa anazeeka. Kila Jumapili aliwauliza, "Mutakuja lini, nyinyi wawili? Nataka niwaone wawili." Mwalimu alipanga kumwambia Krismasi. Krismasi ikapita. Akapanga Pasaka. Ikaja Pasaka nyingine, na nyingine.

Yule kijana naye akawa anakua mle kibandani. Mwalimu alimpa kazi bandarini Durban, ili aeleze kwa nini hawako pamoja. Siku za simu alikuwa "amekuja kutembea". Akampa jino bovu. Akampa mchumba Mzulu, mama akakataa, wakagombana mpaka nikacheka peke yangu kaunta. Kijana alikuwa mcheshi kuliko kaka yake, mwongo mtamu, mwenye kudekeza. Nikampenda, Mungu anisamehe. Nikawa Jumapili nangoja zamu yake.

Kuna Jumapili moja Mwalimu alitoka kibandani mapema, uso umemshuka. "Leo mdogo hakutaka kuzungumza," akaniambia. Alivyosema ni kama mtu anayekueleza habari ya mtoto mkorofi nyumbani. Nikangoja atabasamu. Hakutabasamu. Niliogopa, nikafunga duka saa ile ile, nikamsindikiza mpaka kwake.

Nirudi nyuma kidogo: vurugu zilipotulia tulirudi Yeoville, na ile hadithi ikageuka darasa la Jumamosi. Watoto wetu walikuwa wanasikia Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiingereza au Kizulu, na Mwalimu akasema hadithi itawarudisha. Chumba alipewa na fundi yule yule wa ndoo ya bluu. Jumamosi moja Zuhura, alikuwa na miaka kumi hivi, akainua mkono. Alikuwa amesoma kisa cha Yasoni kwa Kiingereza maktaba.

"Mwalimu, umeruka," akasema. "Kuna mtu alienda kuchota maji. Yule mwenye nguvu, Herakule, alikuwa na kijana wake. Akaenda kisimani, majini wa humo wakamvuta ndani. Herakule akabaki anamwita msituni, na meli ikaondoka. Eish, Mwalimu, waliwaacha!"

Mie nilikuwa mlangoni nimemfuata mtoto. Mwalimu akapiga meza kwa kiganja. Hatukuwahi kumsikia akipaza sauti kwa mtoto, na siku hiyo alipaza: "Nje! Wote nje! Darasa limekwisha!" Zuhura akalia njia nzima. Nikamwambia hukukosea, mwanangu, na sikuweza kumweleza zaidi.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alikuja mwenyewe kwetu kumchukua. Akainama mpaka usawa wake, akasema, "Ulisoma vizuri. Mimi ndiye sikusoma vizuri." Darasani akasimulia kisa kile chote, polepole, bila mikono. Kijana kaenda na mtungi. Mkubwa wake kazunguka msitu mzima akiita. Alfajiri upepo ukawa mzuri, Yasoni akaamuru tanga lipandishwe, na walipokuwa mbali ndipo wakaona mabenchi matupu. Kisha akawauliza watoto Yasoni alikosea nini. Walibishana hao! Mmoja akasema angerudi. Mwingine akasema upepo je, na wengine waliomo melini je? Mwingine akasema kwa nini hakuhesabu watu kabla ya kuondoka. Mwalimu akawasikiliza wote kwa heshima.

"Sasa nawauliza jambo jingine," akasema. "Yasoni alirudi kwao na ngozi yake ya dhahabu. Wazee wa yule kijana wakaja pwani kupokea mtoto wao. Yasoni aliwaambia nini?"

Zuhura akasema kitabu hakikuandika.

"Hata vyangu havikuandika," akasema Mwalimu. "Nimetafuta sana."

Mama yake alikufa 2013. Mwalimu alipigiwa simu akiwa kazini Kensington, akaja kwangu kwa miguu, kizibao mwilini, akaketi kwenye kiti cha wateja. Akasema, "Amekufa anatungoja wawili." Akalisema mara nyingi. Nikamkumbatia mbele za watu, na mtu aseme anavyotaka. Tulimfanyia kilio kwenye fleti ya Warundi wenzake Observatory. Waliokuja kumpa pole walimwuliza kwa wema, "Na mdogo wako wa Durban, ameambiwa?" Anajibu, "Ameambiwa." Nilikuwa nagawa chai. Ilipofika mara ya tatu nikaweka sinia chini, nikaingia jikoni, nikalia kilio ambacho hakikuwa cha yule mama.

Nilidhani kifo cha mama kingemfungua. Mtu wa kudanganywa hayupo tena, mzigo si uanguke? Wapi. Akakonda. Watu walimsikia akizungumza ngazini. Mimi nilimsikia pia, siku moja mchana, na alikuwa anajibizana, sauti nzito na sauti nyepesi, na ile nyepesi ndiyo ilikuwa inauliza.

Sasa kuna mila moja lazima niieleze. Kwetu Tanga tunaanua matanga siku chache baada ya maziko, watu wanarudi kwenye shughuli zao. Warundi wana ile ya mwisho, baada ya mwaka au karibu na hapo, wanaita kuganduka. Ukoo wote unakusanyika, watoto wa marehemu wanasimama mmoja mmoja kusema neno, na baada ya hapo msiba umekwisha: mtu anaweza kuoa, kucheza ngoma, kucheka bila lawama. Aliye mbali husema kwa simu. Ya mama yake ilipangwa 2014.

Kufika mwaka huo duka langu la simu lilikuwa limekufa. Kila mtu ana simu mfukoni. Nilikuwa nauza vocha, vitunguu na vitambaa, na kibanda cha mwisho nilikifanya stoo ya vitunguu. Mwalimu akaja Jumamosi mchana amevaa suti. Simu yake mwenyewe mkononi.

"Naomba kile kibanda," akasema.

"Kina vitunguu, Mwalimu."

"Hapana neno. Ndiko nilikozoea."

Nikatoa magunia mawili, akaingia. Mlango hakuufunga, na simu akaiweka spika. Rumonge nao walikuwa wameweka spika, nikasikia ua mzima: watoto, viti, watu wakikohoa. Mzee wa ukoo akasema, "Mkubwa aanze."

Mwalimu akasema vizuri sana. Akawashukuru waliomuuguza mama, akamsifia, akaomba radhi kwa kutokuwepo. Watu wakaitikia. Mzee akasema, "Asante, mwanangu. Sasa utupatie mdogo."

Mwalimu akageuka. Akanitazama. Mie sikutikisa kichwa wala sikuinua mkono. Nilimtazama tu. Akafumba macho, na bega likaegemea ukuta.

"Jamani, ni mimi," ile sauti ikasema.

Ua ukalipuka. Vigelegele, watu wakamwita jina lake, shangazi mmoja akapiga kelele kwamba sauti ya mtoto huyu haizeeki. Kijana akawaacha wafurahi. Halafu akasema, "Munisikilize. Mimi sikufika. Tulikuwa kwenye mto, nikaenda kuchota maji, sikurudi. Kaka aliniita. Aliniita, halafu akaondoka na wenzake. Sijawahi kuongea na nyinyi. Sijawahi kufika Durban. Sina kaburi, na mama hakunililia. Leo mnaganduka kwa mama, muniweke na mimi humo."

Upande wa pili pakawa kimya hata watoto. Sijawahi kusikia kimya cha watu wengi namna ile. Kisha mwanamke mmoja akaanza, peke yake, kwa Kirundi, sauti ndefu inayopanda, wakamfuata, wakamfuata wote. Ilikuwa siku yao ya kufunga kilio, na wakakifungua upya. Nami nikashika kaunta, nikalia nao. Yule kijana nilimjua. Nilimsikia kila Jumapili.

Ilichukua muda. Kisha yule shangazi akaikaribia simu, nikamsikia anavuta kamasi.

"Mwanangu," akasema. "Sasa tupatie mkubwa. Yuko wapi kaka yako?"

Mwalimu akafungua mdomo. Ikatoka ile nyepesi: "Shangazi..." Akakoma. Akajaribu tena, akakaza shingo, na bado ikatoka ile ile ya mdogo. Akaweka mkono kooni. Akanitazama kama mtu anayezama, na mara ya tatu hakikutoka kitu kabisa, pumzi tu.

"Mkubwa!" shangazi akaita. "Mkubwa, uko huko?"

Nikaingia kibandani, nikamshika mkono mmoja, na ule wenye simu nikausogeza karibu na mdomo wangu.

"Yupo, shangazi," nikasema. "Mimi ni jirani yake. Yupo hapa, namwona."

"Mbona hasemi?"

"Hajaweza. Msikate. Mngojeni."

Hawakukata. Nilisikia kiti kikivutwa, mtu akawaambia wengine watulie, na ua mzima ukangoja.